Kabla ya Kuomba Kazi ya Ubalozi, Itisheni Kikao cha Nyumbani

Pasiansi, kwenye barabara iendayo uwanja wa ndege wa Mwanza, hakuna mtu wa kufundishwa maana ya uhamisho. Taasisi ya Taaluma ya Wanyamapori ipo hapa tangu 1966, na vijana wanaohitimu hutawanywa kwenye mapori na hifadhi za mbali. Nyumba nyingi za hapa zimezoea mzazi anayerudi na begi moja na kuondoka tena kabla mtoto mdogo hajamzoea.

Uhamisho wa kidiplomasia unafanana na huo kwa sehemu tu. Askari wa wanyamapori akipelekwa Serengeti, mtoto wake anabaki kwenye mtaala uleule, mwenza wake anabaki na kazi yake, na kukitokea msiba anapanda basi na kuwahi mazishi. Afisa akipelekwa Brasilia au Seoul, yote matatu yanakatika kwa mkupuo.

Kanda ya Ziwa ina historia yake katika kazi hii. Getrude Mongella, aliyezaliwa Ukerewe mwaka 1945, alikuwa Balozi wa Tanzania nchini India mwaka 1991 hadi 1992, kisha Umoja wa Mataifa ukamkabidhi ukatibu mkuu wa Mkutano wa Nne wa Dunia wa Wanawake uliofanyika Beijing Septemba 1995. Kabla yake alikuwapo Paul Bomani, mtu aliyejenga ushirika wa wakulima wa pamba wa kanda hii, ambaye aliiwakilisha nchi Washington kuanzia 1972 hadi 1983. Hiyo ni miaka 11. Mtoto anaweza kuanza darasa la kwanza na kumaliza kidato cha nne ndani ya muda huo bila kukanyaga shule ya nyumbani.

Mwongozo huu ni kwa nyumba yenye mtu anayeiwaza kazi hiyo: kijana aliyemaliza chuo, mwanasheria anayetaka kubadili upepo, mama mwenye shahada ya uchumi na watoto wawili. Hoja yake ni hii: maombi hujazwa na mtu mmoja, lakini kituo hutumikiwa na nyumba nzima. Kwa hiyo maswali ya nyumba yajibiwe kwanza.

Kazi yenyewe, bila mapambo

Mtaani, kazi ya ubalozi ni suti, dola na gari lenye bendera. Bendera hiyo hupepea kwenye gari la balozi, na balozi huteuliwa na Rais. Hutaona tangazo la nafasi yake. Anayeajiriwa kwa ushindani huanza kama Afisa Mambo ya Nje Daraja la II katika Wizara ya Mambo ya Nje na Ushirikiano wa Afrika Mashariki, na meza yake ya kwanza ipo Mtumba, Dodoma. Huko ataandika mihtasari ya vikao, ataandaa ziara za viongozi, atafuatilia barua za balozi mbalimbali na majibu yake. Baada ya muda hupangiwa kituo cha nje, kwa kawaida kwa takribani miaka minne, kisha hurudi Dodoma, kisha huenda tena. Ubalozini vyeo hupanda kutoka Katibu wa Tatu, wa Pili, wa Kwanza, hadi Mshauri na kuendelea.

Maana yake kwa familia ya Pasiansi ni kwamba hata miaka ya nyumbani si miaka ya Mwanza. Wengi huisahau Dodoma wanapopiga hesabu.

Usijipime kwa Salim Ahmed Salim, aliyepelekwa Cairo kuwa balozi mwaka 1964 akiwa na miaka 22. Dola lilikuwa changa na wasomi walihesabika. Mfano ulio karibu na hali ya leo ni Liberata Mulamula, mwana Kagera, aliyepanda ngazi wizarani, akawa Katibu Mtendaji wa kwanza wa Mkutano wa Kimataifa wa Nchi za Maziwa Makuu huko Bujumbura mwaka 2006 hadi 2011, akawa balozi Washington kuanzia 2013, na waziri mwaka 2021. Ni kazi ya miongo, na kila hatua ilikuwa na mji wake.

Upo pia mlango wa pili ambao watu wa ziwani huupita bila kuuona. Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lililozaliwa na mkataba wa 1994, lina makao yake Jinja. Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria ipo Kisumu, na Sekretarieti ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ipo Arusha. Nafasi zake hushindaniwa na raia wa nchi wanachama na nyingi ni za mkataba. Kwa mtu aliyesomea uvuvi, mazingira au takwimu, na mwenye wazazi asiotaka kuwaacha mbali, Kisumu inafikika kwa basi kupitia Sirari.

Kwa nini kikao kije kabla ya maombi

Barua ya kituo ikishafika, muda ni mfupi na hamu ni kubwa. Ndugu wanapongeza, simu hazikatiki, na mwenza ambaye hajaulizwa chochote anajikuta akionekana mchawi wa baraka za wenzake akitaja tu kazi yake. Uamuzi uliofanywa kwenye kelele hizo ndio unaozaa ugomvi wa mwaka wa pili ugenini, baridi ikishaingia na ndugu wakiwa mbali.

Kaeni sasa, wakati hakuna kinachowaharakisha. Wakubwa wa nyumba, mwenza au mchumba, na watoto waliokwisha kupata akili ya kujieleza. Jibuni kwa maandishi:

1. Mwenza atafuata, atabaki, au ataungana baadaye? Kama ana kazi, ataiachaje?
2. Mtoto yupi hatakiwi kuhamishwa, na katika mwaka gani?
3. Nani atakaa na wazee, na nani atamlipa?
4. Nyumba au kiwanja kitasimamiwa na nani?
5. Familia ikipangiwa mji mgumu kwa usalama au afya, itagawanyika au itakwenda yote?

Swali la tano ndilo watu hulikwepa. Afisa hachagui kituo kama anayechagua sato pale mwaloni Kirumba. Anaweza kueleza hali ya familia yake, hasa ugonjwa wa mtoto au mitihani, lakini anayetaka Geneva pekee amekosea kazi.

Hatua za kuomba

1. Soma tangazo lenyewe, si picha iliyozunguka WhatsApp. Nafasi hutangazwa kupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na sifa za shahada hutajwa humo. Anayetaka kujiandaa moja kwa moja anaweza kusoma katika Kituo cha Uhusiano wa Kimataifa, Kurasini, kilichoanzishwa 1978 kwa makubaliano ya Tanzania na Msumbiji na ambacho sasa kina jina la Dkt. Salim Ahmed Salim. Mwenye shahada nyingine anaweza kuongeza hapo stashahada ya uzamili.

2. Fungua akaunti kwenye mfumo wa Ajira Portal mapema, kabla nafasi haijatangazwa. Utahitaji namba ya NIDA. Siku ya mwisho ya maombi si siku ya kugundua kuwa umesahau nywila.

3. Andaa vyeti halisi: cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha sita, na cha chuo. Hati ya matokeo ya muda haikubaliwi badala ya cheti. Uliyesoma nje, peleka vyeti vyako TCU au NECTA vihakikiwe, na anza mapema.

4. Andika barua ya maombi, isaini, kisha iambatishe. Barua isiyo na saini ni kosa dogo linalomwangusha mtu mwenye shahada mbili.

5. Jiandae kwa usaili wa kuandika na wa mahojiano. Soma Sera ya Mambo ya Nje ya 2001 pamoja na toleo lake jipya la 2024 lililozinduliwa Mei 2025. Jua kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki sasa ina nchi 8, kwamba SADC ina 16, na kwamba Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000. Mtu wa Mwanza ana mtaji wa bure: karibu nusu ya Ziwa Victoria ni ya Tanzania, na nyingine ni ya Uganda na Kenya. Anayeweza kueleza kwa nini nyavu haramu za upande mmoja huumiza soko la upande mwingine tayari anaongea diplomasia.

6. Ongeza lugha. Kiswahili kilikubaliwa kuwa lugha rasmi ya SADC mwaka 2019 na lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika mwaka 2022, nacho ni silaha yako. Kiingereza hakiepukiki. Lugha ya tatu ndiyo inayokutofautisha na wenzako: Kifaransa kwa Bujumbura, Kinshasa, Brussels na Geneva, Kireno kwa Maputo na Brasilia, Kiarabu kwa Muscat, Riyadh na Cairo.

7. Tarajia upekuzi. Watu wataulizwa habari zako. Deni, kesi au ndoa yenye mgogoro si lazima vikuangushe. Kuvificha ndiko kubaya.

KISANDUKU: Yanayokwamisha maombi ya watu wenye sifa

- Majina yasiyolingana. Cheti cha kuzaliwa kinasema Masanja, NIDA inasema Massanja, cha kidato cha nne kina jina la babu. Rekebisha kwa hati ya kiapo na kwa mamlaka husika kabla ya kuomba.
- Umri. Matangazo mengi ya Sekretarieti huweka kikomo cha miaka 45.
- Aliyekwisha kuwa mtumishi wa umma kuomba upya kama mgeni. Matangazo mengi humkataza. Aulize kwa mwajiri wake kuhusu kubadilishwa kada au kuhamia wizara nyingine.
- Cheti cha kughushi. Uhakiki uliotangazwa Aprili 2017 uliwakuta watumishi 9,932 wa umma na vyeti hivyo. Wapo walioondoka wakiwa na utumishi wa miaka mingi.
- Kumlipa mtu anayedai ana ndugu ubalozini. Maombi kupitia Sekretarieti hayalipiwi. Anayetaka hela ya fomu ni tapeli, hata akiwa anasali kanisa moja na mama yako.

Nani anahesabiwa kuwa familia

Hapa ndipo nyumba nyingi za Kitanzania hugonga mwamba, kwa sababu familia ya Pasiansi na familia ya makaratasi ya ubalozi ni vitu viwili. Mkataba wa Vienna wa 1961 kuhusu Uhusiano wa Kidiplomasia, katika kifungu cha 37, unatoa haki na kinga kwa wanafamilia wanaoishi nyumba moja na mwanadiplomasia. Hautaji ni akina nani. Nchi inayopokea ndiyo huamua, na nyingi hukubali mwenza mmoja na watoto ambao hawajaoa wala kuolewa na hawajavuka umri fulani.

Anayeishi na mwenzake bila cheti afanye ndoa au aisajili. Ni kweli Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 160, inawadhania kuwa wanandoa watu waliokaa pamoja miaka miwili na jamii ikawatambua hivyo. Dhana hiyo husaidia mahakamani mkigawana mali. Dirishani kwa ofisa wa viza haina uzito. Yeye anataka cheti. Ndoa ya kimila iliyolipiwa ng'ombe wote, nayo isajiliwe.

Sheria hiyohiyo inatambua ndoa ya wake wengi. Marekani na nchi nyingi za Ulaya hazitambui. Mwenye wake wawili atapata viza ya kidiplomasia kwa mmoja, na kikao cha nyumbani kitaamua ni nani. Hakuna mwongozo unaoweza kumsaidia zaidi ya kumwambia aseme ukweli mapema kwa wote wawili na kwa wizara.

Halafu kuna mtoto wa kaka. Usukumani, na kwa kweli nchi nzima, ni kawaida kumlea mpwa tangu akiwa mchanga akamwita shangazi mama. Bila amri ya mahakama ya kuasili chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009, mtoto huyo hamo kwenye orodha. Kumwandika kuwa wa kuzaa ni kughushi. Kumwasili kunachukua muda, hivyo kuanze sasa au mtoto aandaliwe kubaki kwa heshima, akijua atakaa na nani na kwa nini.

Mtoto atakayezaliwa kituoni, mwandikishe na umtafutie pasipoti ya Tanzania bila kuchelewa. Mtoto wa mwanadiplomasia aliyeidhinishwa hapati uraia wa Marekani kwa kuzaliwa huko, tofauti na wanavyodhani wengi. Na Tanzania bado hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili.

Kazi ya mwenza

Kwa miaka mingi dunia ilichukulia kwamba mwanadiplomasia ni mwanamume na mkewe ni sehemu ya samani za ubalozi. Uingereza iliwalazimisha wanawake wa utumishi wake wa kidiplomasia kuacha kazi wakiolewa, hadi mapema miaka ya 1970. Marekani, mpaka 1972, mume alipopimwa utendaji wake, ukarimu wa mkewe na meza yake ya chakula viliingia kwenye tathmini. Sheria hizo zimekufa. Mazoea bado yapo, na mume anayemfuata mke kituoni huulizwa maswali ambayo mke hakuwahi kuulizwa. Mjadiliane juu ya hilo pia, hasa kama anayeomba ni binti au mama.

Kwa mwenza mwenye taaluma, hatari ni kurudi baada ya miaka minane akiwa na pengo kwenye wasifu na leseni iliyokufa. Mfikirie muuguzi wa Bugando au mwalimu wa Bwiru. Afanye hivi:

1. Kama ni mtumishi wa umma, aombe kwa maandishi kwa mwajiri ushauri kuhusu likizo bila malipo au njia nyingine ya kumfuata mwenza. Asiondoke kwa ahadi ya mdomo ya mkuu wa idara. Anayeacha kituo bila kibali huhesabiwa mtoro.
2. Ahuishe leseni yake ya taaluma kila inapohitajika, hata kama hafanyi kazi.
3. Aangalie michango ya pensheni. Mifuko ya watumishi wa umma iliunganishwa kuwa PSSSF mwaka 2018. Ajue michango yake imesimama wapi na kama anaweza kuchangia kwa hiari NSSF.
4. Aulize ubalozi kama nchi husika inaruhusu wenza kufanya kazi. Mahali pengine kuna makubaliano kati ya nchi mbili, pengine kibali huombwa kwa mtu mmojammoja, pengine hakuna. Akiajiriwa, kwa kawaida hawezi kutumia kinga kukwepa kesi ya madai itokanayo na kazi hiyo, na atalipa kodi.
5. Afikirie Kiswahili. BAKITA hutoa mafunzo kwa wanaotaka kuwafundisha wageni. Cheti hicho kinabebeka kutoka Seoul hadi Havana.

Onyo kuhusu biashara: kifungu cha 42 cha Mkataba wa Vienna kinamkataza mwanadiplomasia kufanya kazi au biashara ya faida binafsi katika nchi aliyopo. Bidhaa zilizoingizwa bila ushuru kwa matumizi ya nyumba si za kuuzwa. Kumpikia jirani dagaa wa Mwanza ni ukarimu. Kuwauzia Watanzania wa mji mzima kwa kilo kutoka gereji ya nyumba ya serikali ni habari ya magazeti.

Watoto na shule

Mwaka wa shule wa Tanzania huanza Januari. Nchi nyingi za kaskazini huanza Agosti au Septemba. Uhamisho wa katikati humpotezea mtoto nusu mwaka, au humrusha nusu mwaka asiyokuwa tayari nayo. Kanuni ya vitendo ni hii: msimhamishe mtoto aliye darasa la saba, kidato cha nne au cha sita, ikiwezekana hata kidogo. Abaki na ndugu au bweni mpaka amalize mtihani, kisha afuate.

Mkienda, chagueni mtaala mmoja na mshikamane nao vituo vyote. Mtoto aliyeanza mtaala wa Cambridge Nairobi anaweza kuuendeleza New Delhi. Aliyewekwa shule ya Kifaransa kituo cha kwanza, Kijerumani cha pili, hurudi akiwa na lugha nyingi na cheti kisichokamilika. Ulizeni wizarani, kwa maandishi, ni kiasi gani cha ada kinalipwa, kwa watoto wangapi na hadi umri gani. Maneno ya mwenzako aliyekuwa Stockholm zamani si waraka.

Kila mwisho wa mwaka chukueni ripoti ya shule iliyogongwa mhuri, na kila cheti cha mtihani mkihifadhi katika nakala mbili. Mtoto akirejea kuingia kidato cha tano au chuo, matokeo ya nje yatapitishwa NECTA kulinganishwa na ya hapa.

Lugha ya nyumbani iwe Kiswahili, na kama bibi anaongea Kisukuma, kwenye simu aachwe aongee. Mtoto asiyeweza kumsalimia bibi yake akirudi Pasiansi kwa likizo atakaa chumbani na simu wiki tatu, na wote wataumia.

Dada wa kazi

Kumchukua msichana aliyewalelea watoto Mwanza ni wazo la kwanza la familia nyingi, na ndilo lenye mtego mkubwa. Mwaka 2008 mahakama ya Washington iliamuru mwanadiplomasia wa Tanzania amlipe mfanyakazi wake wa nyumbani, Mtanzania mwenzake, zaidi ya dola milioni 1 kwa kumfanyisha kazi bila malipo stahiki. Kesi hiyo hutajwa hadi leo na wanaotetea haki za wafanyakazi wa majumbani.

Kama mnamchukua: awe na mkataba anaouelewa, kwa Kiswahili na kwa lugha ya nchi husika, mshahara ufuate sheria ya huko, si bei ya Kirumba, na upite benki kwa jina lake, pasipoti akae nayo mwenyewe, awe na siku ya mapumziko, simu, na tiketi ya kurudi. Msipoweza hayo, mwacheni nyumbani na mwagane kwa wema.

Kinga si ruhusa

Watoto wakubwa waelezwe hili kabla ya safari. Kinga ni mali ya nchi. Kifungu cha 32 cha Mkataba wa Vienna wa 1961 kinairuhusu nchi kuiondoa, na kifungu cha 41 kinamtaka kila mwenye kinga aheshimu sheria za alipo. Januari 1997 mwanadiplomasia wa Georgia aliyekuwa amelewa alisababisha ajali Washington iliyomuua msichana wa miaka 16. Nchi yake ilimwondolea kinga, akafungwa. Agosti 2019 mke wa mtumishi wa serikali ya Marekani aligonga pikipiki Uingereza na kumuua kijana wa miaka 19, akarejea kwao kwa kinga ya familia. Shauri halikufa, na Desemba 2022 mahakama ya London ilimhukumu kifungo cha miezi minane kilichoahirishwa.

Wanaokwenda kwenye konseli, kama zile za Dubai, Jeddah, Guangzhou au Mombasa, wajue kwamba zinaongozwa na mkataba mwingine wa Vienna, wa 1963. Kinga yake ni nyembamba zaidi, na familia karibu haina.

Nyumba na wazee walioachwa

Wazazi kwa kawaida hawamo kwenye orodha ya wanaosafiri. Mmoja wa ndugu apewe jukumu hilo kwa jina, na fedha zake zijulikane kwa wote ili asiitwe mla hela za mzee. Bima ya afya ya wazazi ilipwe mapema. Wekeni pembeni akiba ya nauli ya msiba kwa angalau mtu mmoja, na isiguswe kwa jambo lingine lolote.

Nyumba ya kupangisha isimamiwe kwa hati ya uwakilishi iliyoandaliwa na wakili, yenye mipaka: kukusanya kodi, kukarabati, kwenda ofisini. Isimpe mtu uwezo wa kuuza. Kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU tangu 2021, na hiyo imewafanya wengi wasahau kwamba kodi ya ardhi ni nyingine, hulipwa kila mwaka kivyake, na deni lake hukua kimyakimya mpaka ilani ifike mlangoni kwa mpangaji.

ORODHA: Miezi mitatu kabla ya safari

☐ Vyeti vya kuzaliwa vya wote, cheti cha ndoa, amri ya kuasili kama ipo, kila kimoja nakala tatu
☐ Pasipoti za wote, na uhalali wake usiishie katikati ya mwaka wa kwanza
☐ Kadi za chanjo, pamoja na ya homa ya manjano
☐ Rekodi za hospitali za mwenye ugonjwa sugu na dawa za kutosha kuanzia
☐ Barua ya shule na ripoti za miaka miwili
☐ Barua ya mwajiri wa mwenza
☐ Hati ya uwakilishi, wosia, na majina ya warithi kwenye mfuko wa pensheni na benki
☐ Mtoto anayebaki: barua ya mlezi, bima, na siku ya simu ya kila wiki

Kurudi

Safari ya kurudi ndiyo haina sherehe. Posho ya kituo hukoma, mshahara unabaki ule wa nyumbani, na nyumba ya kupanga inatafutwa Dodoma, mji ambao mwenza na watoto huenda hawajawahi kuishi. Waliozoea ada iliyolipwa na serikali hukutana na ada wanayotoa mfukoni. Kwa hiyo posho isijengewe mazoea: magari mawili, zawadi kwa ukoo mzima kila likizo, mkopo wa nyumba unaotegemea dola. Anzeni kupanga kurudi mwaka wa tatu wa kituo. Tafuteni shule Dodoma kabla ya kuuza samani, mwenza aanze kuandika barua za kazi akiwa bado huko, na kijana wa kidato cha nne aulizwe mapema kama angependa kutangulia. Na kama nyumba ya Pasiansi ina mpangaji, apewe notisi kwa maandishi, kwa muda uliomo kwenye mkataba wake.